Mtoto wa Mbao Aliyeogeshwa

Siku ile mliponiaga pale atelier, karakana yetu ya misheni, mlinipa keki, mkanipa kitambaa cha kikwembe, halafu mkanitaka niseme neno. Nilikula keki. Mimi maneno hayanitoki mbele ya watu wanaotafuna, na ninyi vijana mlikuwa mnatafuna kweli kweli. Sasa niko nyumbani, miguu yangu iko juu ya kigoda, hakuna anayenisukuma, basi nawaandikia. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha shule, lakini mtu wa Kolwezi akifungua kinywa humu ndani nitamwacha aseme chetu. Na msitafute habari za nani alipanda cheo na nani alirukwa. Hayo waulizeni wenye vyeo, bado yanawauma.

Nataka kuwaambia habari za zile sanamu za pango la Noeli. Ninyi mnazijua kwa kuzifungua kwenye magazeti Desemba na kuzifunga tena Januari, basi. Zilichongwa zamani sana milimani Ulaya, kijiji alikozaliwa Frère Anton, yule bruda wa misheni, huko ambako theluji hufunga milango na wanaume hukaa jikoni wakichonga mpaka jua lirudi. Alikuja nazo mwenyewe ndani ya sanduku la majani makavu, kwa meli mpaka Lobito, kisha kwa treni kupita Dilolo na Mutshatsha. Alipenda kusimulia kwamba pale Dilolo mtu wa forodha alifungua sanduku, akamtoa yule mchungaji mwenye kofia pana na soksi nyeupe mpaka magotini, akamgeuza geuza, akauliza kama huyu naye ana pasipoti. Parokia ilipowaona iliwapa majina siku hiyo hiyo. Mchungaji wa kofia akawa Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Bibi aliyebeba kuni mgongoni akawa Mama Makala, yaani Mama Mkaa, na wauza makala wanaotoka Mutshatsha mpaka leo wakiingia kanisani humsalimu yeye kabla ya Yosefu. Mtoto Yesu peke yake ni mkubwa kuliko wote, ukubwa wa mtoto mchanga kweli, kwa sababu huko kwao alichongwa kando ili abebwe nyumba kwa nyumba. Ukiwapanga pamoja, mtoto amewazidi wazazi. Hapa kwetu hakuna aliyeshangaa, Mungu ni Mungu.

Mimi nilifika pale nikitafuta kazi ya daktilo. Nilikuwa nimejifunza kupiga mashine kwa masista, na mtu alinidanganya kwamba misheni inatafuta. Misheni ilikuwa haitafuti. Frère Anton aliniangalia vidole, akanipitisha katikati ya viti, milango na majeneza, mpaka kile chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha la kusini, akaniacha kwa Tata Mbuyi. Tata Mbuyi alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye alikataa kuingia shimoni, alisema shimo litampata tu siku yake ikifika, hana haja ya kulifuata.

Alinipa kijiti chenye pamba kichwani, akamweka Mama Makala mbele yangu, akaniambia niteme mate. Nilidhani ananitukana. Akaeleza, bila kuniangalia, kwamba mate ndiyo dawa ya kwanza ya kazi hii, na yanayofaa ni ya asubuhi kabla ya kula. Unalowesha pamba kidogo, unaizungusha juu ya rangi, vumbi linakuja, rangi inabaki. Basi msichana aliyesoma kwa masista akatumia mwaka wake wa kwanza wa kazi akitema mate kwa njaa. Nyumbani waliponiuliza ninafanya nini misheni, nilisema niko kwenye ofisi.

Vumbi lenyewe mnalijua. Malori ya mgodi yalipita, na yanapita, na lile jekundu linaingia hata kwenye mayai. Soksi za Chef de Gare kila mwaka zilikuwa zimegeuka matofali. Nilipochoka na mate nikauliza kwa nini tusichukue kitambaa na maji tukamaliza mara moja. Tata Mbuyi aliweka kisu chini. Akanionyesha, mahali palipobanduka kwenye pindo la joho, kwamba rangi ya sanamu hizi haikukaa juu ya mti. Katikati kuna ngozi nyeupe, nyembamba, ya chaki iliyokorogwa na gundi ya ngozi. Ngozi hiyo ikishanywa maji inavimba, inalainika, inaondoka na rangi yake yote. Ndiyo amri ya kwanza ya chumba kile, na ninyi nimewaimbia mpaka mkanichoka: maji hapana.

Amri ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Unarudisha kilichopotea, hubuni kitu kipya. Punda alipoliwa sikio na panya, Tata Mbuyi alichonga lingine akipima lile lililobaki, na kwa kuwa hatukuwa na mti mwepesi wa milimani, tulihangaika sana mpaka tukapata kipande cha mulombwa, mti wetu mzito, kikavu cha kutosha. Likatoka zito kidogo. Punda yule mpaka leo anaelemea upande mmoja, nadhani anasikiliza. Padri mmoja alitaka Mamajusi wapakwe dhahabu kichwa mpaka mguu ili wang'ae. Tata Mbuyi akamjibu "ndiyo, mon père." Akaendelea kumjibu hivyo kila Noeli, kwa adabu zote, mpaka padri akahamishwa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni rangi. Makopo ya Frère yalipokwisha tulitengeneza zetu. Kijani cha majoho tulikipata kwenye malakiti, lile jiwe la kijani linalookotwa hapa njiani. Frère Anton alisema kwao watu hulivaa kwenye pete, na alipoona watoto wetu wanalitupia ndege alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Unalisaga, unaliosha, unalisaga tena, mkono unakufa ganzi. Nyeusi ya nyusi ilitoka Kisenge, unga wa manganese, shemeji yake Tata Mbuyi alikuwa anatuletea kwenye kopo la maziwa. Nyeupe ilikuwa pemba, ule udongo wa kwetu, badala ya chaki. Siku ambazo mvua ilinyesha, gundi ikichemka polepole, chumba kizima kikinuka kwato, na Tata Mbuyi akinung'unika nyimbo za kwao Kasai puani, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuielezea kwa mtu. Naielezea sasa. Ninazikumbuka siku zile mpaka zinaniuma.

Frère Anton alirudi milimani kwao akiwa mzee, akafia huko. Tata Mbuyi alikufa hapa, shimo likampata kama alivyosema, na jeneza lake tulilipiga sisi wenyewe kwa mulombwa. Nikabaki peke yangu na dirisha la kusini, mpaka mlipokuja ninyi.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifanya niandike. Noeli iliyopita mlikuwa mmekwenda kuweka viti vya kanisa jipya la Mutshatsha, hamkuiona.

Mnajua desturi ya parokia yetu. Mtoto hakai pangoni kabla ya Noeli. Wiki ya mwisho ya Avent, yaani Majilio, analala nyumbani kwa mama mmoja, na asubuhi ya Noeli mama huyo ndiye anayempeleka kanisani, mbele ya watu wote, na watu wanamgusa mguu anapopita. Na mama huyo si mama yeyote. Ni yule aliyezika mtoto mwaka huo. Nani alianzisha sijui, Frère Anton alisema si yeye. Wakiwa wengi, wanawake wanaelewana. Kwetu hapa huwa wengi.

Mwaka ule alichaguliwa Odia. Mwanamke kijana, mumewe anachimba kwenye mashimo, yeye mwenyewe anaosha mawe mtoni pamoja na wenzake, shaba na kobalti, maji mpaka kiunoni. Mtoto wake Ilunga alikuwa mgongoni mwake siku zote hizo. Msimu wa mvua ulipoanza Ilunga akapata homa, akafa. Mama mkwe wake, Mama Kapinga, mwanamke wa kwaya, sauti yake mnaijua, alisema kwa watu kwamba mjukuu wake ameuawa na maji ya mawe na mikono ya mama yake. Alisema mara moja tu. Kolwezi mara moja inatosha. Hata walipomchagua Odia wapo waliouliza kama mikono ile ndiyo ya kupewa Mtoto.

Siku tatu kabla ya Noeli, asubuhi, nilimkuta amekaa mlangoni mwa atelier. Alikuwa na kitu kwenye kikwembe, amekikumbatia. Alikifungua juu ya meza yangu bila salamu. Mtoto alikuwa hana uso. Mwili ulikuwa umepata madoadoa, lakini uso ulikuwa mti mtupu na kamasi nyeupe ya chaki puani na machoni.

"Mama," alisema, "nilimuua tena."

Nitasema ukweli, jambo la kwanza nililohisi ni hasira. Nilitaka kumpigia kelele amri ya kwanza. Nikamuuliza alifanya nini. Akaniambia ametia maji ya vuguvugu kwenye beseni, ameyapima kwa kiwiko, amechukua sabuni ya mtoto iliyokuwa imebaki, akamwogesha. Amlaze mchafu namna gani? Alianza na kichwa, kama watu wote. Aliposuuza uso, uso ukaondoka mkononi mwake. Alinionyesha mkono. Hasira yangu ikaisha palepale, nikakaa chini, tukalia wote wawili kama wajinga, mlango ukiwa wazi.

Alipotulia alisema hatambeba. Atamwacha kwangu, arudi kwao Mwene-Ditu kwa treni ya kwanza itakayopatikana, kabla watu hawajajua. Wakijua watasema Mama Kapinga alisema kweli, mikono hii inaua hata watoto wa mti. Na kilichonitisha ni kwamba aliamini hivyo yeye mwenyewe. Nikamwambia akae kwanza, anishikie taa.

Nilichukua lupu, kile kioo cha kukuzia, kuona kilichobaki, kwa maana kazi inaanza hapo. Nyuma ya sikio la Mtoto, ndani ya mkunjo ambapo vidole vya mama havifiki, ngozi nyeupe ilikuwa bado imeshika. Nikaichunguza. Juu ilikuwa pemba yetu. Nikasimama kidogo, kwa sababu pemba haikuwa na kazi pale. Mtoto aliletwa na chaki ya milimani, ambayo weupe wake ni wa kijivu, na katika miaka yangu yote pale sijawahi kuambiwa kwamba uso wake uliguswa. Nikatazama chini ya pemba, kuna rangi ya ngozi. Chini ya rangi, pemba tena, ya mkono mwingine, nene zaidi. Halafu chini kabisa, kipande kidogo kama punje ya mchele, ile chaki ya kijivu ya kijijini kwa Frère Anton.

Na ile pemba ya juu ilikuwa imekwaruzwa kwa meno ya kitana kabla ya kupakwa rangi, ili rangi ishike. Mtu mmoja tu nilimwona akifanya hivyo maishani mwangu. Tata Mbuyi alikaa nami chumba kimoja miaka yote ile, akanifundisha kutema mate, kusaga jiwe, kunyamaza, na hili hakunidokezea. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilimpa Odia lupu, nikamwonyesha.

"Hauko wa kwanza," nilimwambia.

Hakuelewa. Nikamweleza pole pole, tabaka kwa tabaka. Kwamba kabla yake kuna mama mwingine aliyechukua beseni, na kabla ya huyo mwingine tena. Kila mara Mtoto aliletwa hapa bila uso, na kila mara mtu wa chumba hiki alimrudishia, akafunga kinywa. Odia alikaa na lupu jichoni kwa muda mrefu.

"Bale bamama," aliuliza, "kiisha balizala tena?"

Nilitamani sana kusema ndiyo, walizaa tena. Nilimjibu kwamba sijui, na kweli sijui. Akanirudishia lupu, akasema basi tufanye kazi, yeye atashika taa.

Tulifanya kazi. Gundi moto, pemba, kukausha, kulainisha kwa kitambaa, pemba tena. Uso wenyewe sikuutafuta, nilikuwa nimeufuta kwa mate kila Avent tangu ujana, ulikuwa vidoleni. Odia aliniomba kitu kimoja tu. Ilunga wake alikuwa na nyusi zilizokutana katikati. Je, siwezi kuzikutanisha kidogo, kidogo tu, hakuna atakayeona? Nilimkatalia. Nilimwambia huyu si Ilunga, na nikimfanya Ilunga leo, mwakani nitampa mama mwingine mtoto wa Odia. Alikubali kwa kichwa. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kukataa, na ningelikataa tena.

Mkesha wa Noeli, saa za mchana, Mama Kapinga alitokea mlangoni. Odia alirudi nyuma na taa yake. Mtoto alikuwa kwenye meza, shavu moja lina rangi, la pili bado jeupe, hapakuwa na cha kuficha. Mama Kapinga aliingia, akazunguka meza, akatazama uso, akatazama vikombe vya rangi, akamtazama mkwewe. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno, tena makali. Aliuliza swali moja tu, kwangu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo.

"Atakuwa tayari?"

Nikasema atakuwa tayari. Akatoka. Odia aliweka taa chini, akasema sasa imekwisha, kesho mama mkwe atasema kanisani mbele ya wote. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Shavu la pili nililipaka kwa rangi ya mafuta, kwa sababu ya haraka na kwa sababu pinki yangu niliyoikoroga kwa yai ilikuwa imeharibika. Msimu wa mvua rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho. Nilimwambia Odia ambebe mikononi, uso juu, na watu waguse mguu tu.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa mpaka nje. Odia alisimama mlangoni na Mtoto mikononi, blauzi nyeupe, macho chini. Ngoma zikaanza, wanawake wakapiga vigelegele, yeye akatembea. Alifika katikati akasimama. Nikaona anageuza mguu kuelekea mlango. Ngoma ziliendelea kidogo, kisha zikaacha moja moja.

Mama Kapinga akatoka kwenye kwaya. Alipita katikati ya watu, polepole, mguu wake ni mbovu, mpaka akasimama mbele ya mkwewe. Akafungua kikwembe chake cha juu, kile cha sikukuu.

"Mutoto habebwake vile," alisema. "Inama."

Odia aliinama. Mama Kapinga akamchukua Mtoto, akamlaza kwenye mgongo wa Odia, akamshika kwa kiganja huku akizungusha kitambaa kwa mkono wa pili, kwa sababu mtoto mchanga hafungwi vizuri mgongoni na mtu mmoja. Akakaza. Akapiga mgongo ule mara mbili, taratibu, kama anayembembeleza alale. Kisha akasema, na kanisa lote likasikia kwa kuwa sauti yake mnaijua, "Twende, mwanangu," wakaenda pamoja mpaka pangoni, Odia ameinua uso, machozi yanamtiririka, hajisumbui kuyafuta. Mimi nilikuwa nalia pia, lakini nusu ya machozi yangu yalikuwa ya rangi, maana nilijua lile shavu bichi limelala wapi.

Walipomfungua nilikwenda kutazama. Shavu la kushoto lilikuwa limeondoka, pemba inaonekana, upana wa kidole gumba. Rangi yote ilikuwa mgongoni mwa Odia, kwenye blauzi nyeupe, duara dogo la pinki. Nikamwambia nina mafuta ya kuitoa, aje kesho. Hakuja. Mama Kapinga ndiye aliyekuja, kuniambia blauzi imekunjwa, imewekwa, na nisiiulize tena.

Basi ninyi mliobaki na dirisha la kusini, Avent ikifika mtamfungua kwenye magazeti yake na mtaona doa lile jeupe shavuni. Nimefundisha mikono yenu vizuri, najua itawasha. Pemba iko kwenye debe, gundi mnajua kuichemsha, na mama mwingine akija na kikwembe kilicholowa, mpokeeni, mrudishieni uso wote, mfunge vinywa. Lakini kabla ya siku hiyo, mkimsafisha kwa mate, piteni pembeni ya shavu la kushoto. Msilipake.